Dada, Ninunue Rothko ya Karatasi?

Haya wadogo zangu, sogeeni. Leo wakwe na wachumba wapumzike kidogo. Kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia: kahamia nyumba mpya, sebule imepigwa rangi nyeupe, kochi limeshaingia, na ukuta mmoja umebaki mtupu, unamkodolea macho kila akikaa kula. Anataka pale moja ya zile picha za rangi zilizomwagika, au yale mapande mawili ya rangi yanayoelea moja juu ya jingine. Kaona nakala kwenye simu, za wachoraji Pollock, Rothko, de Kooning, zote zimeandikwa "ubora wa makumbusho". Bei ya moja inakaribia kodi yake ya mwezi. Anauliza: dada, ninunue au naibiwa?

Nunua. Ila usilipe leo. Kaa kwanza nikusimulie mwenzako nilivyolizwa.

Niliwahi kununua Rothko, nyekundu juu ya damu ya mzee, kwa muuzaji ambaye jina lake nalimeza. Ilikuwa ya turubai, upana sentimita 60, inang'aa kama meza iliyopigwa vanishi jana. Nikaitundika mkabala na dirisha la magharibi, kwa sababu msumari ulikuwa tayari uko pale. Masika mbili hazikupita, nyekundu ikawa pinki ya sabuni ya kipande. Mama alipokuja kunitembelea alisimama mbele yake, akaguna, akaniuliza hiyo kanga nimeifua na nini.

Nilikasirika sana. Baadaye nikasoma yaliyompata Rothko mwenyewe, nikapoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikichorea Chuo Kikuu cha Harvard picha kubwa za ukutani, na mwaka 1964 zikatundikwa katika chumba cha kulia chakula kilichoko juu ghorofani, chenye madirisha makubwa. Katika wekundu wake alikuwa ametumia rangi iitwayo Lithol Red, ambayo haistahimili jua. Watu wakala, mapazia yakaachwa wazi, jua likainywa ile rangi mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka 1979 picha zikashushwa na kufungiwa stoo. Mwaka 2014 makumbusho ya Harvard yalizitoa tena kwa ujanja wa ajabu. Hawakuzigusa kwa brashi hata kidogo. Walizimulika kwa projekta iliyorudishia kila sehemu rangi yake iliyopotea, kwa mwanga mtupu. Ilipofika saa kumi jioni projekta zilikuwa zinazimwa, na watu walishuhudia picha zikipauka mbele ya macho yao. Huyo ni mchoraji mwenyewe, kwa mkono wake, katika chuo tajiri. Wewe na dirisha lako la magharibi mko wapi?

Kwa hiyo muuzaji muulize wino kabla hujamuuliza bei. Printa za wino wa kurusha zina wino wa namna mbili. Ule wa dai ni rangi iliyoyeyuka kabisa, na mimi nauona kama hina: siku ya harusi unawaka, baada ya wiki tatu unautafuta ulikokwenda. Ule wa pigimenti una chembechembe ndogo sana za rangi zisizoyeyuka, na ndizo zinazovumilia mwanga kwa miaka mingi. Muuzaji asipojua ana wino gani, au akikujibu kwamba "ni wa hali ya juu", ameshakujibu. Ondoka.

Utakutana pia na neno giclée, limeandikwa kwa mikogo. Lisikutishe. Lilibuniwa mwaka 1991 na mchapaji wa California, Jack Duganne, aliyekuwa akifanya kazi Nash Editions, karakana ya uchapaji ya mwanamuziki Graham Nash. Alitaka jina lisilonuka kompyuta, akalitoa kwenye kitenzi cha Kifaransa cha kurusha majimaji. Cha kuchekesha ni kwamba wino wa printa za mwanzo, zilizozaa hilo jina, ulikuwa unapauka haraka. Na leo mtu yeyote mwenye printa ya wino anaweza kuliandika. "Ubora wa makumbusho" ni hivyo hivyo: hakuna makumbusho wala serikali inayotoa leseni ya maneno hayo. Wahenga walishasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na haya maneno mawili yanatembea sana.

Kinachostahili kuitwa hivyo kinashikika mkononi. Karatasi iwe ya pamba mia kwa mia, isiyo na asidi, nzito, gramu kama 300 kwa mita ya mraba. Asidi ndiyo inayoligeuza gazeti la zamani kuwa la njano na kukatikakatika ukiligusa. Hutaki jambo hilo litokee ndani ya fremu uliyoilipia. Uliza pia kama karatasi imetiwa kemikali za kung'arisha weupe, ndugu zake zile zilizomo kwenye sabuni ya unga. Zikichoka, weupe unageuka wa manjano, na rangi zote zinaharibika pamoja nao. Hili unaweza kulikagua mwenyewe: chukua ile taa ya kukagulia noti bandia, mulika pembe nyeupe ya karatasi gizani. Ikiwaka bluu, kemikali imo. Halafu tafuta lenzi ya kukuzia, uangalie rangi kwa karibu. Ukiona vidoti vimejipanga kwa mpango maalumu, vinatengeneza vijiua vidogo vidogo, hiyo ni posta ya kiwandani, zinachapwa kwa maelfu. Posta si dhambi, mimi ninazo. Dhambi ni kuiuza kwa bei ya kodi ya nyumba.

Haya, sasa ukubwa. Hapa ndipo nagombana na wauzaji wote, waaminifu kwa matapeli.

Hawa wachoraji wa New York wa miaka ya 1940 na 1950, ambao vitabu vinawaita wa ekspreshonizimu ya dhahania, ukubwa kwao haukuwa mbwembwe. Ukubwa ndio picha yenyewe. Mchukue Jackson Pollock. Mwaka 1950 alitandika turubai sakafuni, katika banda lililo nyuma ya nyumba aliyoishi na mkewe, mchoraji Lee Krasner, huko Springs, Long Island. Akachukua rangi za kawaida za kupaka nyumba, akazimwaga na kuzidondosha kwa vijiti na brashi zilizokauka, huku anazunguka, anainama, anapita pembeni. Picha iliyotoka, Autumn Rhythm, leo iko Metropolitan Museum New York: upana mita 5.26, kimo mita 2.67. Kuna sebule haziingii kitu hicho. Ukisimama mbele yake unayaona mabembeo ya mkono wa mtu mzima, hatua zake, mpaka pumzi yake.

Sasa mwenzetu muuzaji anakuuzia hiyo hiyo kwa upana wa sentimita 90. Eneo limepungua kama mara 34. Mstari wa rangi uliokuwa mnene kama kidole umekuwa uzi. Unabaki na kitu kama fundo la nyuzi lililochezewa na paka, na mgeni wako akisema "hii hata mwanangu anachora", huna la kumjibu, maana kwa ukubwa ule anasema kweli.

Tena mara nyingi hawaipunguzi tu, wanaikata. Chukua kikokotoo cha simu. Gawanya upana wa picha halisi kwa kimo chake: 5.26 kwa 2.67 ni kama 1.97, yaani upana unakaribia kuwa mara mbili ya kimo. Akikupa nakala ya 90 kwa 60, hiyo ni 1.5. Kama hakuacha ukingo mweupe juu na chini, karibu robo ya Pollock imebaki kwenye pipa la taka la kiwandani. Vipimo vya picha halisi viko kwenye tovuti ya makumbusho inakotunzwa, bure, dakika mbili tu. Nakala za turubai zilizovutwa kwenye mbao zina wizi wa aina nyingine: kingo za picha zinakunjwa kuelekea nyuma. Kwa Rothko hilo ni jambo baya sana, kwa sababu ile michirizi ya pembeni, pale rangi inapofifia na kukutana na ukingo, ndipo penye uchawi wake wote.

Basi sikilizeni neno la dada yenu, maana muuzaji hatawaambia. Achaneni na jitu lililonyauka. Tafuteni kazi iliyozaliwa ndogo, mchapishe kwa kipimo chake halisi.

Zipo nyingi. Rothko aliugua mwaka 1968, mshipa mkuu wa damu ulimletea matatizo, na madaktari wakamkataza kuchora picha zenye kimo cha zaidi ya inchi 40, yaani kama mita moja. Akageukia karatasi na rangi za akriliki, na akazaa kazi ambazo mimi nazipenda kuliko zile kubwa. National Gallery of Art ya Washington ilifanya maonyesho ya picha zake za karatasi mwaka 2023, na katalogi yake ni mahali pazuri pa kuchagulia. Fikiria: mita moja, karatasi juu ya karatasi. Hiyo ndiyo saizi ya juu ya kochi, na hakuna anayemdanganya mwenzake kuhusu turubai.

Au Franz Kline, mzee wa nyeusi na nyeupe. Huyu alikuwa anafanyia mazoezi kwenye kurasa zilizochanwa kutoka vitabu vya namba za simu, wino mweusi juu ya majina ya watu. Inasimuliwa kwamba rafiki yake de Kooning alimwazima mashine ya kukuzia picha, wakakitupia ukutani kijichoro kimoja kidogo, na Kline alipoona mistari yake imekuwa mikubwa kuliko mtu, hakurudi nyuma tena. Nakala ya ukurasa wa namna hiyo, kwa saizi yake ile ile, ndani ya fremu nyembamba nyeusi, inakaa vizuri hata kwenye korido. Na nyeusi haigeuki pinki, mama yangu awe shahidi.

Wanawake nao wapo, msidanganywe na orodha za wauzaji zinazoanza na kuishia kwa wanaume watano. Helen Frankenthaler alikuwa na miaka 23 alipomimina rangi iliyozimuliwa juu ya turubai lisilopakwa kitu, mwaka 1952, ikanywewa na kitambaa kama chai iliyomwagikia kanzu. Kazi yake inaitwa Mountains and Sea. Kwake usichukue karatasi inayong'aa hata kwa bure, chukua ile isiyorudisha mwanga. Joan Mitchell naye yupo, na Krasner mwenyewe. Na ukitaka jina ambalo wageni wako hawajalizoea, mtafute Norman Lewis wa Harlem, Mmarekani mweusi, mtoto wa wazazi kutoka Bermuda, aliyekaa meza moja na kina de Kooning halafu soko likampita kando kwa miaka mingi.

Sasa kuna mtego mmoja ambao umewanasa hata watu wenye shahada: saini. Kwanza tutofautishe. Kuna chapa halisi, ambayo mchoraji mwenyewe aliitengeneza iwe chapa tangu mwanzo. Frankenthaler, mwaka 2000, alitoa chapa ya mbao inayoitwa Madame Butterfly iliyotumia vibao 46 na rangi 102. Hiyo ni kazi yake, ina bei yake, na hatuizungumzii leo. Tunachozungumzia ni picha ya picha. Mtu kapiga fotografia ya kazi ya Pollock na kuipitisha kwenye printa. Pollock alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1956. Giclée ilipata jina mwaka 1991. Ukikuta giclée yenye saini ya penseli ya Pollock, marehemu amefufuka kwa ajili ya kusaini, umwitie shehe au padri. Na namba kama 45/250 chini ya nakala hainisisimui: faili bado limo kwenye kompyuta, na kesho anaweza kuchapa saizi nyingine na kuanza kuhesabu upya.

Vyeti navyo, mmh. Hapo New York kulikuwa na nyumba ya sanaa iliyoitwa Knoedler, iliyoanzishwa mwaka 1846. Ilifunga milango mwaka 2011, baada ya kuonekana kwamba kwa miaka mingi ilikuwa imeuza picha bandia za Rothko, Pollock, Motherwell na wenzao, zilizochorwa na mtu mmoja huko Queens. Wanunuzi walikuwa wametoa takriban dola milioni 80. Picha moja ilikuwa na saini ya Pollock iliyokosewa herufi: Pollok. Matajiri wenye mawakili na washauri walipitwa na herufi moja, seuze wewe na kicheti cha karatasi ya kung'aa kilichochapwa na printa ile ile iliyochapa picha!

Cheti usikitafute. Tafuta mstari mdogo wa maandishi pembeni mwa nakala, au kwenye maelezo yake, unaotaja mwenye hakimiliki. Kwa Pollock na Krasner ni Pollock-Krasner Foundation, taasisi iliyoanza mwaka 1985 kutokana na mali aliyoiacha Krasner, na inatoa ruzuku kwa wachoraji wanaohangaika. Kwa Rothko ni watoto wake wawili. Mtu aliyelipia kibali kwa kawaida amepewa pia faili zuri, lililopigwa kwa vifaa vya makumbusho; aliyeiba kalichukua mtandaoni. Tofauti inaonekana. Kwa nakala ya upana wa sentimita 90, kwa kiwango cha doti 300 kwa inchi, faili linatakiwa kuwa na piseli zaidi ya 10,600 kwa upana. Muulize. Nanyi wasomaji wangu wa Ulaya, huko hakimiliki inaishi miaka 70 baada ya kifo. Rothko alifariki mwaka 1970, kwa hiyo mpaka mwisho wa mwaka 2040 "ni ya zamani, haina mwenyewe" ni uongo mtupu.

Maduka ya makumbusho yenyewe ndiyo pa kuanzia: MoMA, Tate, National Gallery of Art. Hata hivyo soma maelezo pale pia, maana huuza posta za bei nafuu na nakala za pigimenti kwenye ukurasa mmoja.

Ukiagiza kutoka nje, agiza bila fremu, iviringishwe ndani ya bomba gumu la karatasi. Fremu yenye kioo inayosafiri kutoka Marekani mpaka Dar au Mombasa ni kumlipia mtu nauli ya vigae. Na piga hesabu ya forodha mapema: kuna ushuru, kuna VAT ya asilimia 18 Tanzania Bara au 16 Kenya. Ikifika, osha mikono, ikunjue juu ya meza safi, ilaze siku moja au mbili chini ya karatasi nyeupe na vitabu vizito kiasi. Usiiviringishe kinyume ili kuinyoosha. Karatasi ya pamba ikivunjika nyuzi, alama haiondoki.

Kisha fundi. Fundi wangu wa fremu ana mikono ya dhahabu, nampenda, lakini ukimwacha peke yake ataipaka picha gundi na kuibandika kwenye hadibodi. Simama naye. Mwambie: nyuma ya picha ikae kadi isiyo na asidi, picha ishikwe juu tu kwa vipande viwili vya karatasi na gundi ya uji wa ngano, isiwe selotepu, na picha isiguse kioo, iwe na kadi ya kuitenga, kwa sababu sisi wa pwani tukifungia karatasi kwenye kioo tunafuga ukungu. Kama unapata kioo cha akriliki chenye kinga ya mionzi ya jua, chukua, lakini usikitegemee kama mwavuli wa chuma; mwanga wa kawaida nao unapausha, polepole tu. Bandika vijipande vya mpira kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Na utundike mbali na dirisha. Usitafute msumari ulipo, kila ukuta unakubali msumari mpya.

Najua kuna watakaoniandikia kwamba kwa nini nasifia Wamarekani wakati tuna Tingatinga. Jamani, kwangu zote zimekaa ukuta mmoja na hazijagombana. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 hapa Dar na rangi za kupaka baiskeli juu ya hadibodi. Pollock alitumia rangi za kupaka nyumba. Wote wawili walikwenda duka la rangi la kawaida, wakachukua kopo la mtu wa kawaida. Tofauti ni kwamba Tingatinga ya asili ninaweza kuinunua nikakutana na aliyeichora. Pollock siwezi, kwa hiyo nachukua nakala, na nakala naikagua kama ninavyokagua samaki soko la Feri.

Haya, mdogo wangu mwenye ukuta mtupu. Niandikie vitu vitatu: upana wa ukuta, upana wa kochi, na dirisha lako linaangalia wapi. Kapu lako la manunuzi liache kama lilivyo mpaka nikujibu.